Meli nyepesi na watupa mikuki wanapoteza kila mara kwenye mchezo wetu: ni sheria zetu mbaya ama ilikuwaka hivyo kweli?

KartonYaGoma (Goma, Katindo)

Jambo yenu wote, swali yangu ni ndefu kidogo mnivumilie. Siye hapa Goma tuko na kikundi, kila siku ya posho jioni tunakutana kwa rafiki mmoja tunacheza vita za zamani za Mediterania juu ya meza. Askari tunakata mu makarton, meli pia tunakata mu makarton, visiwa tunaweka mawe ya volkano juu hayo hapa kwetu hutafuti, unainama tu unaokota. Sheria za mchezo tulitoa mu PDF moja ya Kifaransa yenye ilikuwa inatembea kwa WhatsApp, zingine tukatosha, zingine tukaongeza za kwetu.

Shida ni hii. Mwenye kuchukua trireme (meli ya vita ya ngazi tatu za makasia, na mdomo wa shaba wa kugonga) na hopliti (askari mzito wa ngao na shaba) anashinda. Mwenye kuchukua meli nyepesi (lembo, liburna, triakonta) pamoja na watupa mikuki na wapiga kombeo anapoteza, haijalishi nani anacheza. Lembo ikigongwa na trireme inazama palepale, peltasti (hao watupa mikuki) wakifikiwa na hopliti wameisha. Sasa imefika mahali hakuna mtu anataka upande huo, tunapiga kura nani atakuwa Illyria (watu wa pwani ya Adriatic, wenye lembo) na mwenye kura imemwangukia ananuna tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nauliza, ilikuwaka hivyo kweli? Kama hivi vitu vyepesi vilikuwa bure juu gani watu waliendelea kuvitengeneza mamia ya miaka? Na Warumi wenyewe mwisho walichukua liburna, si ndiyo? Kuna mwenzetu mmoja anasema eti wale wa mikuki walikuwa tu maskini wenye hawakuwa na franga ya kununua silaha ya shaba, walikuja kuongeza makelele. Mwenye anajua atuambie, na kama kuna mtu iko na wazo la sheria mpya nitashukuru sana.


MwalimuNguba (Bukavu)

Kijana karibu. Nafundisha historia hapa Bukavu na swali yako imenifurahisha juu vitabu vya shule vinaonyesha hopliti na ngao yake ya mviringo, kisha wanapiga ukurasa.

Sheria zenu zinapima kitu kimoja tu, kugongana uso kwa uso mu maji wazi ama mu uwanja wazi. Pale kweli mzito anakula mwepesi, na hakuna kamanda mwenye akili alikuwa anamtuma mwepesi pale kwa kupenda.

Chukua bandari ya Syracuse, mji wa Sicily wenye Athens ilikuwa inaupiga, 413 KK. Watu wa Athens walikuwa na jina baharini, kwa kuzunguka na kumgonga mtu ubavuni hakuna aliyewafikia. Wa Syracuse wakafikiri sana. Wakafupisha pua za meli zao na kuziongezea unene ili wagongane pua kwa pua mule ndani ya bandari mwenye nafasi ya kuzunguka haiko. Halafu, na hapa njo pako, wakajaza watu wa mikuki mu vijiboti vidogo, vikapenya chini ya makasia ya trireme, vikawa vinatembea pembeni ya ubavu na mikuki inarushwa ndani kwa wapiga makasia. Fikiria mule ndani. Trireme iko na wapiga makasia 170 mu ngazi tatu, wamebanana mu meli ya urefu wa mita 37 hivi, hakuna mwenye ngao, mikono yote miwili iko kwa kasia. Mmoja akipata mkuki kasia yake inaangukia ya jirani, ya jirani inagonga ya mwingine, na meli yenye nguvu yake yote ni mpigo mmoja wa pamoja inapoteza mpigo. Kijiboti hakikuzamisha mtu. Kiliua mwendo wa trireme, meli nzito ya Syracuse ikakuja kumalizia.

Kuhusu mwenzako wa "maskini": kwamba walikuwa maskini ni kweli, kwamba walikuja kwa makelele si kweli, na ningependa asome habari ya Pylos na Sphacteria ya 425 KK polepole. Demosthenes, kamanda wa Athens, aliachwa pale Pylos kwa pwani ya Peloponnese na meli chache na ngome ya mawe yenye askari walipanga haraka haraka. Silaha za kupatia wapiga makasia hakuna. Akawapatia ngao mbovu mbovu, nyingi za kusukwa kwa fito, na unajua zilitoka wapi? Kwa triakonta moja ya Wamessenia, meli ya makasia 30 ya kazi ya uharamia, yenye ilifika pale na kijiboti kingine, na ndani mulikuwa hopliti 40 hivi. Ndiyo, meli ya wezi wa baharini. Na ngome ikasimama, Brasidas wa Sparta alipojaribu kushuka kwa nguvu alijeruhiwa akazimia, ngao yake ikaanguka majini.

Kisha mambo yakageuka, hopliti 420 wa Sparta wakakwama ng'ambo, kwa kisiwa cha Sphacteria, meli za Athens zinazunguka mchana na usiku. Siku 72. Na hata hapo vyombo vidogo njo viliwalisha: Sparta ilitangaza franga nyingi na uhuru kwa mtumwa yeyote mwenye atapitisha chakula, wakawa wanangoja upepo wa kutoka baharini usiku, wanatupa mashua juu ya mawe ya upande wa nyuma bila kujali itavunjika. Wengine walipiga mbizi wanavuta kwa kamba mifuko ya ngozi yenye mbegu za afyuni zilizochanganywa na asali, na mbegu za kitani zilizopondwa. Mimi hiyo ya asali naipendaka sana kuwaambia wanafunzi, siku hiyo hakuna anayesinzia.

Siku ya mwisho Athens wakashusha kwanza hopliti 800 mbele ya mapambazuko. Nyuma yao wakashuka wapiga makasia wa meli zaidi ya 70, wote isipokuwa wale wa ngazi ya chini kabisa, kila mtu na chenye alipata. Pamoja na wapiga upinde 800, peltasti hawakupungua hao, na Wamessenia. Wakagawanyika makundi ya watu 200 hivi juu ya vilima. Sasa Msparta akienda mbele anapigwa mgongoni, akigeuka anapigwa ubavuni, akikimbiza yule anamwacha juu hana shaba ya kubeba na njia ni ya mawe. Msitu wa kisiwa ulikuwa umeungua karibuni, majivu yakapanda, hawaoni, na kwa makelele hawasikii tena amri za wakubwa wao. Kofia zao za sufi hazikuzuia mishale. Mwishowe 292 wakajisalimisha wazima, kati yao raia kamili wa Sparta kama 120. Ugiriki nzima ilishangaa, juu kila mtu aliamini Msparta anakufa na silaha mkononi.

Mmoja wa hao mateka aliulizwa kwa kejeli kama wale waliokufa njo walikuwa wanaume kweli, akajibu kwamba mshale ungekuwa wa bei kali sana kama ungejua kuchagua mashujaa. Jibu zuri, lakini mimi nasikia ndani yake uchungu wa mtu mwenye ameshindwa na watu wenye hakuwahesabu.


KamalondoBoy (Lubumbashi)

Mwalimu heshima yako, lakini miye sikubali yote. Iyo Sphacteria banaipendaka juu ni ya ajabu, sasa tufanye hesabu. Ngazi ya chini ya trireme ni batu 54, utoshe kwa 170 unabakia na 116. Mara meli 70. Iyo ni batu zaidi ya 8000 kama meli zilijaa! Weka tena ba upinde, ba mikuki, hopliti 800 ya kuzibia njia. Juu ya batu 420 benye beshakaa miezi miwili na zaidi kwa kisiwa banakula mbegu. Ata miye na bajirani bangu ba Kamalondo tungeshinda apo, tena bila kutoka jasho.

Kintu yenye minaona ni kwamba mwepesi anashindaka paka kama adui ameshafungwa mahali. Mu bandari. Mu kisiwa. Mu njia ya mulima. Umupeleke kwa uwanja sawa na ba farasi beko pale, utamuona. Farasi njo dawa ya peltasti, banamufikia mbele aseme aki.

Na ku maji ni vile vile. Chios 201 KK, Philip V wa Makedonia alikuya na meli nzito 53 na lembo pamoja na vyombo vingine vyepesi 150. Mia moja makumi tano! Kwa upande ya pili ni Attalus wa Pergamon na batu ba Rhodes. Kweli mu mwanzo lembo ziliingia katikati, zikasumbua Rhodes, zingine zinagonga nyuma zingine zinaziba makasia, Rhodes bakashindwa kuzunguka vile banazoeaka. Lakini mwisho? Philip alipoteza lembo zaidi ya 60 na meli nzito makumi mawili na kitu. Kwa hiyo Karton, kama Illyria yenu inapoteza, njo vile, usiguse sheria, fundisha batu bako kutokununa 😂


BintiKadutu (Bukavu)

Kaka Kamalondo punguza moto. Wewe unasema Chios, miye nakuletea Paxos, 229 KK, na pale ilikuwa maji wazi, hakuna bandari hakuna mulima.

Meli nzito kumi za Waachaea na Waetolia zilitoka kuokoa Corcyra (Corfu ya leo) yenye Wailliria walizunguka. Wailliria walikuwa na lembo zao na meli saba za marafiki wao Waacarnania, hizo saba wakazipanga zipigane na sehemu ya adui. Zao wenyewe wakafanya kitu chenye ukikisoma mara ya kwanza unafikiri wamelewa: wakafunga lembo ine ine pamoja kwa kamba, kisha wakageuza ubavu kwa adui. Yaani wanampa. Gonga.

Mwenye amekaa pembeni ya ziwa letu ataelewa haraka, fikiria wavuvi wa sambaza, ile mitumbwi mitatu yenye wanafunga kwa miti mirefu. Ukichoma mmoja hauzami, wenzake wanaubeba, tena na wewe umeshikwa. Njo ilifanyika. Meli kubwa ikagonga, mdomo wa shaba ukaingia mu ubao wa lembo moja na kubakia mule, na sasa boti ine zinaning'inia kwa pua yake, haiendi mbele hairudi nyuma, na kutoka mu hizo boti ine wanaume wanaruka juu ya sitaha. Lembo ilikuwa inabeba watu 50 hivi. Fanya hiyo hesabu yako unayoipenda. Wailliria wakakamata quadrireme ine, wakazamisha quinquereme moja (hizo zote ni meli kubwa kuliko trireme) na watu wote, na ndani mulikuwa Margos wa Caryneia, mtu mkubwa kati ya Waachaea. Zenye zilibakia zikapata upepo mzuri zikakimbia.

Kwa hiyo lembo iligongwa na ikashinda kwa sababu iligongwa. Kwenye sheria ya Karton hiyo haiwezekani juu walisema ikigongwa inazama palepale na story imeisha. Meli ya mbao yenye haina mzigo mzito mara nyingi haishuki chini, inajaa maji na kuelea na watu wakiwa bado juu yake, na watu hao wako na mikuki.

Na kama mnataka kujua Warumi waliogopa hizo boti kiasi gani, mwaka huohuo wa 229 walituma meli 200 kwa malkia Teuta wa Illyria. Alipokubali amani mu 228 walimwekea sharti asivuke mji wa Lissus na lembo zaidi ya mbili, na hizo mbili zisiwe na silaha. Mbili! Hakuna mtu anaandika mambo ya namna hiyo kwa ajili ya vijiboti vya kuongeza makelele.

Kuhusu liburna: ilitoka kwa watu wa pwani hiyohiyo ya Dalmatia, Warumi wakaichukua wakaijenga ya safu mbili za makasia. Kisha ya vita ya Actium, 31 KK, hakukubakia tena taifa lenye meli kubwa za kupigana nao mu Mediterania yote. Kulisha meli kubwa yenye wapiga makasia mamia ili ipigane na nani? Kazi ilikuwa kufukuza maharamia, kupeleka barua, kusindikiza nafaka. Makundi yao ya meli ya bandari za Misenum na Ravenna yalibakia na trireme nyingi na meli chache kubwa zaidi, na liburna pia zilikuwamo.


KartonYaGoma

Dada asante sana, hiyo ya kufunga boti ine nimeisoma kwa sauti mu kikundi, mwenye anachezeaka Illyria ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu tulianza 😅

Kuna kitu kimoja bado sielewi, upande wa nchi kavu. Mkuki ya kurusha inaenda mita ngapi, sio nyingi. Hopliti wa Sparta ni mwanaume mwenye amefanya mazoezi tangu mutoto, akikimbia kwa nguvu mita hamsini juu gani hawezi kumfikia huyu wa mikuki mara moja na kumaliza kazi? Kwa mchezo wetu anamfikia. Na kaka Kamalondo anasema lazima kuwe kisiwa ama mulima. Kuna mfano penye hakukuwa kisiwa?


MwalimuNguba

Uko, na ni wa karibu sana na swali yako. Lechaeum, 390 KK, njia ya kando ya bahari karibu na Korintho, ardhi ya kawaida.

Kikosi cha Sparta cha hopliti 600 hivi kilikuwa kimewasindikiza watu wa Amyclae wenye walikuwa wanarudi kwao kwa sikukuu, na sasa kinarejea Lechaeum kikipita mbele ya mji wa Korintho. Ndani ya mji kulikuwa na watu wa Athens: Callias na hopliti, Iphicrates na peltasti. Wakaona Wasparta ni wachache na hawana watu wepesi wa kuwakinga. Callias akapanga hopliti wake si mbali na mji, hao hawakusogea. Iphicrates akaenda na mikuki.

Mikuki ya kwanza ikaangusha watu. Mkubwa wa Sparta akaamuru majeruhi wabebwe mpaka Lechaeum, na Xenophon, mwandishi wa wakati ule mwenye alikuwa rafiki wa Sparta, anasema kwa uchungu kwamba hao tu wa kubebwa njo walipona kweli. Kisha akatuma vijana wakimbize. Sasa jibu lako. Hopliti anaanza kukimbia kutoka amesimama, na ngao nzito mkono wa kushoto, yule wa mikuki ameshageuka tangu alimwona anainua mguu. Peltasti alikuwa anarusha akiwa bado mbali kiasi cha kukimbia kwa raha. Wasparta wakakimbia, hawakushika mtu, na walipoanza kurudi kwenye safu yao walikuwa wametawanyika, huyu mbele huyu nyuma, migongo wazi. Hapo njo wakapigwa vibaya kuliko mwanzo, wengine kutoka mbele, wengine kutoka ubavu wa kuume wenye hauna ngao. Mkubwa akatuma tena kundi lingine la umri mkubwa zaidi. Wakaanguka wengi zaidi.

Kaka wa Lubumbashi, farasi walikuja. Dawa yako ilifika. Lakini badala ya kuwaachia farasi wakimbize peke yao, walikimbia mstari mmoja na hopliti, wakisimama hopliti wanasimama, wakirudi wanarudi. Farasi wa kutembea kwa mwendo wa mtu mwenye ngao hana faida yoyote. Kwa hiyo dawa nakubali iko, ila kuna mtu wa kuitumia vibaya.

Walipochoka kabisa wakapanda kilima kidogo karibu na bahari. Wenzao wa Lechaeum wakaona, wakakuja na vijiboti kandokando ya ufuko kuwachukua. (Ona vijiboti tena, kila mahali penye askari wako hatarini karibu na maji utavikuta.) Pale hopliti wa Callias nao wakaanza kusogea. Hapo wakavunjika, wengine wakajitupa majini, wengine wachache wakatoroka na farasi. Walikufa 250 hivi.

Sasa angalia Callias, mwenye hakufanya karibu kitu. Bila yeye Wasparta wangeweza kutawanyika, kila mtu akimbie mbio zake mpaka Lechaeum. Ni juu ya ile safu ya shaba yenye ilisimama inawaangalia njo walilazimika kubakia wamefungana, na kufungana njo kulifanya mikuki isikose. Ni hesabu ya Syracuse ileile, kijiboti na pua nzito. Kwenye mchezo wenu nadhani mchezaji wa Illyria anapewa vyepesi peke yake na wa Athens anapewa vizito peke yake, na hivyo hamtapata kitu cha kweli kwa upande wowote.

Na upande mwingine wa habari uko pia. Huyo Demosthenes wa Sphacteria, mwaka moja tu mbele yake, 426 KK, aliingia milima ya Aetolia na hopliti na wapiga upinde wachache. Waetolia wakashuka kutoka vilima na mikuki, wakikimbizwa wanarudi nyuma, wakiachwa wanakuja. Wakati wapiga upinde wa Athens walikuwa bado na mishale, waliweza kuwaweka mbali. Mkubwa wao akauawa, wapiga upinde wakatawanyika, na kutoka hapo ilikuwa kukimbia tu. Kiongozi wa njia, Mmessenia Chromon, naye akauawa, watu wakapotea mu msitu usio na njia na Waetolia wakauwasha moto. Hopliti 120 wa Athens walibakia mule. Demosthenes aliogopa hata kurudi nyumbani. Mtu mwenye ameona hiyo kwa macho yake, mwaka unaofuata anajua kabisa atashusha watu gani kwa kisiwa chenye msitu na mawe.


KamalondoBoy

Bon, iyo ya farasi kukimbia pamoja na hopliti inaniuma 😂 banaribishia dawa yangu.

Mwalimu nakupatia Lechaeum. Lakini munasahau kintu moja bote: trireme yenyewe iko nyepesi. Munaiweka kwa upande ya wazito juu iko na mudomo ya shaba, me angalia ndani, ni mbao nyembamba, hakuna mahali ya kulala, hakuna mahali ya kupikia, jioni lazima banashuka ku pwani. Batu ba vita mu meli ya Athens balikuwaka 10 ba mukuki na 4 ba upinde, basi. Phormio, mukubwa ya meli za Athens, pale mulango ya guba ya Korintho, 429 KK, alikuwa na meli 20 juu ya 47 za batu ba Peloponnese. Bale 47 bakajipanga mviringo, pua inje, bilembo na mizigo katikati. Phormio akaanza kubazunguka, karibu karibu, anabasukumia ndani, anangoja. Ngoja nini? Upepo ya asubui yenye inatokaka mu guba kila siku, aliijua. Ikafika, meli zikaanza kugongana zenyewe kwa zenyewe, banasukumana na miti, banatukanana, njo akaingia. Akakamata 12.

Kwa hiyo Karton mu sheria zenu mutie upepo. Na mutie nafasi, kama meli iko na nafasi ya kuzunguka inafaa kitu, kama haina haifai. Iyo njo miye ningebadilisha ya kwanza, mbele ya kugusa lembo.


BintiKadutu

Upepo ndiyo. Ongeza na wimbi. Boti yenye ubavu mfupi wimbi likipanda kidogo watu wanaacha vita wanaanza kutosha maji, na hapo meli yenye ubavu wa juu inawarushia vitu kutoka juu bila wasiwasi. Ukimpa Illyria faida ya pwani na usiku na ya kubanana, umtozee hapo mu maji ya wazi yenye upepo. Itakuwa haki.


KartonYaGoma

Nimeandika rasimu, muniambie. Trireme ikigonga lembo tunarusha kete: inazama, ama inajaa maji na watu wanabakia, ama mdomo unakwama na wanaruka. Lembo zenye zimefungwa ine haziwezi kuzama kwa pigo moja. Vijiboti vikifika kwa ubavu wa trireme, trireme inapoteza nusu ya mwendo kwa zamu inayofuata, lakini tu kama iko mu bandari ama imebanwa na zingine. Peltasti akikimbizwa anarudi nyuma bure, mwenye alimkimbiza anahesabika ametawanyika mpaka akae zamu moja bila kufanya kitu. Farasi anamfikia peltasti, akiwa peke yake. Upepo unarushiwa kete asubuhi na saa sita.

Yenye imebakia ni silaha za kurusha. Sasa hivi hazikwishi, mtu anarusha mpaka usiku. Kutokana na Aetolia naona lazima ziishe. Nawapatia ngapi?


BintiKadutu

Veliti, watupa mikuki wa Kirumi, walipangwa rasmi kwa kuzunguka Capua, 211 KK, vijana wepesi wa mbio wanabebwa nyuma ya farasi, wanaruka chini wakifika karibu. Hao walikuwa na mikuki saba kila mtu, mifupi, kama mita moja na kidogo, na ncha ya baadaye ilikuwa nyembamba inajikunja ikigonga ili adui asikurudishie. Saba ni nyingi kwa meza, mwenye kuwa na kikosi cha karton umpatie alama tatu ama ine. Muhimu ni kwamba ya Kirumi ikirushwa imekwisha, ya wengine adui akisimama pale inaokotwa, basi mwenye kushika uwanja apate alama moja.

Kombeo weka tofauti. Jiwe linaokotwa popote lakini linaenda karibu. Risasi ya plomo inaenda mbali, wale 200 wa Rhodes wenye walikuwa na Xenophon mu Asia walirusha mara mbili kuliko kombeo za Waajemi zenye mawe ya kujaza mkono. Kwa hiyo plomo wapewe kidogo, ikiisha warudi kwa mawe na umbali ukatwe nusu. Ukiwa na watu wa visiwa vya Baleares wape umbali tatu za kuchagua, walikuwa na kombeo tatu kila mtu.


KamalondoBoy

Na zile lembo ine za kufunga, mu alama zinahesabika moja ama ine? Juu kama ni moja, huyo wa Illyria ataziwekaka zimefungwa tangu mwanzo mpaka mwisho na ataanza kukusumbua.


BintiKadutu

Ine. Na zikiwa zimefungwa hazitembei, zinaelea tu penye ziko. Kukata kamba ni zamu moja nzima, na kama mdomo wa meli bado umekwama ndani ya moja, hiyo moja inaachwa.